Mgongo wa Shahidi

Mara ya kwanza kuingia mahakamani nilikuwa na miaka 19, na kitu nilichokitazama zaidi kilikuwa dari. Haikuwepo. Ulikuwa unaona kenchi, halafu bati, na kwenye kenchi moja kuku alikuwa amelala. Kuku wa karani, nafikiri. Najua utasema natia chumvi, lakini kuku alikuwepo, na baadaye nilipojua kwamba neno kizimba, yaani pale anaposimama mshtakiwa, ndilo neno hilohilo la banda la kuku, nilicheka peke yangu kwenye daladala Dar es Salaam mpaka konda akaniangalia vibaya.

Nimekuwa nikitaka kuandika juu ya jengo lile kwa muda mrefu. Halina uzuri wa kupigiwa picha. Vyumba viwili, kibaraza mbele, bendera, ukuta uliopigwa rangi nusu chini nyeusi ili matope ya mvua yasionekane. Mahakama ya mwanzo ya kawaida, kama mamia mengine nchini, na jina lake nitaliacha kwa sababu waliohusika na hadithi hii wana watoto na wajukuu. Ila kuna swali ambalo jengo lile liliniachia na ambalo sijalimaliza: je, haki inahitaji nyumba? Na ikiwa na nyumba, nyumba inafanya nini ndani ya haki?

Kwetu ni Mbwera, kwenye delta ya Rufiji. Siku hizi ni wilaya ya Kibiti. Wakati ninaousimulia ilikuwa bado Rufiji yote moja, na makao yake Utete. Ukitaka kutujua, fikiria nchi ambayo saa yake ni maji. Maji yakijaa unaondoka, yakipwa unakaa na mtumbwi wako kwenye tope unasubiri. Barua ya wito kutoka mahakamani imeandikwa saa tatu asubuhi. Saa tatu ya nani? Kuna siku ya bamvua saa tatu asubuhi mkondo ni tope tupu, na huwezi kumweleza hakimu kutoka bara kwamba umechelewa kwa sababu ya mwezi.

Kesi yenyewe. Baba yangu mdogo alifariki mwaka 1997, kabla mvua za El Nino hazijaja kutuzamisha. Hakuacha mtoto. Aliacha mke, ambaye mimi namwita mama mdogo, na minazi 64. Pwani, kama unavyojua, mti na ardhi ni vitu viwili: ardhi inaweza kuwa ya ukoo na mnazi ukawa wa aliyeupanda. Kaka yake marehemu, Baba Mkubwa wangu, alisema minazi yote ni ya marehemu, igawiwe kwa sharia. Mke asiye na mtoto anapata robo. Robo ya 64 ni 16. Hakuwa anamdhulumu, na hili naliweka wazi mapema. Alikuwa tayari kumpa 16, tena zile za karibu na njia.

Mama mdogo akasema hapana. Nusu ya ile minazi, 32, ni yake tangu mwanzo, kwa sababu miche aliinunua yeye kwa fedha ya mikeka. Kwa hiyo mirathi ni 32 iliyobaki, robo yake 8. Jumlisha: 40. Kati ya 16 na 40 kuna maisha ya mtu, hasa mwanamke mjane ambaye macho yameanza kuchoka na ukindu.

Nani aliona akinunua? Marehemu aliona. Muuza miche alishahamia kusikojulikana. Na mimi niliona. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa ndiye niliyekaa mbele ya mtumbwi nimekumbatia miche isilowe maji ya chumvi, na nilimwona mama mdogo akifungua pindo la kanga na kuhesabu noti. Nakumbuka hata kwamba alihesabu mara mbili, na mume wake akamtania kwamba anaogopa kuipenda hasara.

Shauri lilianzia nyumbani, chini ya mkungu, Ijumaa baada ya swala. Hapa niseme kidogo juu ya neno baraza, maana Kiswahili kimeficha falsafa nzima humo. Baraza ni kile kibao cha mawe au udongo mbele ya nyumba, mahali pa kukaa na wageni ambao huwakaribishi ndani. Baraza pia ni kikao, na ni mkutano wa wazee wa kuamua. Yaani mababu zetu walipotaka kutaja chombo cha haki walichukua jina la sehemu ya nyumba iliyo nje ya nyumba: nusu yako, nusu ya njia, na apitaye anaona. Mahakama ni neno lililokuja na hukumu ndani yake, kutoka Kiarabu. Baraza limekuja na kitako.

Basi chini ya mkungu tulikaa duara. Wazee kwenye viti vya kamba, sisi vijana kwenye mkeka (mkeka wa mama mdogo, kwa bahati mbaya), wanawake upande wa jikoni. Baba Mkubwa alikuwa mbele yangu hasa, uso kwa uso, hatua tano. Ni mtu aliyenilea. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kamba aliowavua usiku na baridi yake. Mzee mmoja akaniuliza: mwanangu, mama yako mdogo anasema wewe ulikuwepo, ulikuwepo?

Nikasema, "Nilikuwa mdogo. Sikumbuki vizuri."

Wazee wakatikisa vichwa. Hakuna aliyenikaripia. Mama mdogo aliniangalia mara moja tu, akaendelea kuchambua ukindu kama mtu aliyesikia hali ya hewa.

Ninataka kumtetea yule kijana kidogo, halafu nitamwacha. Watu wanaoandika juu ya haki ya jadi, hasa walio mbali nayo, wanapenda sana ule mti. Wanasema hapo ndipo ukweli ulipo, kwa sababu kila mtu anamjua kila mtu na huwezi kudanganya mbele ya waliokuona ukizaliwa. Mimi nasema kinyume pia ni kweli. Ni rahisi sana kudanganya mbele yao, kwa sababu wote wanajua kwa nini unadanganya, na wanakusamehe palepale. Uongo wangu ulikuwa adabu. Walinisikia nikisema: siwezi kumvua nguo baba yangu hadharani. Wakakubali. Baraza lilifanya kazi yake sawasawa, likalinda amani ya nyumba. Aliyelipa amani hiyo alikuwa mtu mmoja, na alikuwa upande wa jikoni.

Mama mdogo akaenda mahakamani. Kwetu hilo lilikuwa jambo zito kuliko minazi yenyewe. Watu walisema "kaenda kotini" kwa sauti ile ya kusema mtu kaingia majini usiku.

Sasa jengo. Ninaomba uvumilie nieleze jinsi viti vilivyopangwa, maana hoja yangu yote ipo hapo. Meza ya hakimu juu ya jukwaa dogo la saruji, kimo cha kidato kimoja. Washauri wawili wa mahakama, wazee wa pale pale, upande wake. Chini yao karani na daftari lake. Kizimba kushoto. Mahali pa shahidi katikati, reli ya mbao imeng'aa kwa viganja vya watu. Na nyuma, mabenchi ya wasikilizaji, yote yameelekea mbele. Nikaapa kwa Msahafu, nikashika ile reli, na hapo nikagundua kitu ambacho hakuna aliyenionya: Baba Mkubwa alikuwa nyuma yangu.

Sikuweza kumwona. Niliyemwona ni hakimu, mtu wa bara, kijana kuliko nilivyotarajia, ambaye hakunijua mimi wala mama yangu wala kamba walionisomesha. Aliuliza swali lilelile la mzee. Ulikuwepo? Na mimi nikasema nilikuwepo. Nikaeleza mtumbwi, pindo la kanga, noti, kuhesabu mara mbili. Nilisikia benchi likilia nyuma yangu mtu alipohama mkao. Sikugeuka.

Hakimu na washauri wake walikwenda hata shambani kuangalia, kwa mtumbwi, suruali zimekunjwa. Mmoja wa wale wazee aliweka kiganja kwenye shina la mnazi akapanda nalo juu kwa macho, akihesabu makovu ya makuti yaliyoanguka, akasema hii ni miaka kumi, haizidi sana. Kwa hiyo hadithi ya umri ilikubaliana na yangu. Mti ulisema ulipandwa lini. Nani alilipa, mti hausemi.

Mama mdogo akapewa 40.

Nikirudi Dar watu wachache niliowasimulia waliniita jasiri. Nimelikataa neno hilo kila mara, na hapa nalikataa kwa maandishi. Moyo wangu ulikuwa uleule wa chini ya mkungu. Kilichobadilika ni mpangilio wa mabenchi. Duara linamlazimisha kila mtu kuonwa na kila mtu. Mstari unamruhusu shahidi kuwa na mgongo. Fundi aliyejenga chumba kile hakuniuliza kama mimi ni mkweli. Alinijengea mahali ambapo ukweli ulikuwa mwepesi kidogo kuliko uongo. Na kama hivyo ndivyo, ukweli ule ni wangu au ni wa fundi?

Nimesumbuka na swali hilo miaka mingi, na lililonisumbua zaidi liko jirani sana na kwetu. Kutoka Mbwera ukipanda kupitia Mbuchi unatokea Mohoro, au Muhoro kama tunavyotamka. Hapo palikuwa na kituo cha serikali ya Wajerumani. Boma, kama walivyoyaita majengo yao yote ya aina ile: neno letu la ua wa ng'ombe na ngome, wakaligeuza kuwa ofisi ya kodi, gereza, kambi ya askari na chumba cha hukumu chini ya paa moja. Mpaka leo mzee wa pwani anakwambia anakwenda bomani akimaanisha kwa mkuu wa wilaya. Hata siku ya kusikiliza kesi waliipa jina letu. Waliandika Schauri kwenye majalada yao. Shauri, neno la watu kukaa pamoja na kushauriana, likawa jina la mtu mmoja kusimama mbele ya mgeni mwenye bunduki.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete kule Umatumbini waling'oa pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu wa maji, alikuwa tayari mikononi mwao. Wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti. Hesabu mwenyewe hizo siku. Ni chini ya muda ambao sisi tulisubiri kesi ya minazi ipangiwe tarehe.

Unaona tatizo langu. Chumba kilichonipa mimi mgongo ni mtoto wa chumba kile. Umbo ni moja: mtu peke yake, mbele yake mgeni asiyemjua, watu wake nyuma au nje kabisa. Ule ugeni wa hakimu, niliousifu hapo juu kama dawa, pale Mohoro ulikuwa ndio sumu yenyewe. Ebrahim Hussein alilijua hili. Kwenye tamthilia yake ya Kinjeketile, ya 1969, mwisho kabisa mfungwa anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa. Nilipoisoma sekondari, mwalimu alitufundisha ni ushujaa. Nilipoisoma tena baada ya kesi, nilimwona mtu anayejua kwamba neno linalosemwa ndani ya chumba kile halitabaki neno lake. Litatoka na mhuri. Kuna vyumba ambamo hata ukweli ukisema unakuwa umemsaidia mwenye nyumba.

Tofauti ni nini, basi? Jibu la haraka ni kwamba Mjerumani alikuwa mkoloni na hakimu wangu alikuwa Mtanzania. Kweli, lakini halitoshi, maana majengo ya mkoloni tumerithi mengi na tunayatumia vizuri tu. Mahakama iliyojengwa Vuga, Zanzibar, kazi ya J. H. Sinclair, na kuba lake na matao ya kuigiza Uarabuni, ni amri ya Mwingereza iliyovaa kanzu. Nimesimama nje yake nikaona ni nzuri na nikakasirika kwamba ni nzuri. Mombasa wamefanya jambo la werevu zaidi: jengo la mahakama la mwaka 1902, jirani na Fort Jesus, limekuwa mahali pa maonyesho. Watu wanaingia kutazama picha palepale ambapo wengine waliingia kusikia vifungo.

Mimi nadhani tofauti ilikuwa wale wazee wawili. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, iliyofuta mtengano wa mahakama za Waafrika na mahakama za wengine, ilimkalisha hakimu wa mahakama ya mwanzo pamoja na washauri kutoka mahali penyewe, na kesi ikaendeshwa na kuandikwa kwa Kiswahili, zamani sana kabla ya sheria ya 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama zote. Kwa hiyo mgeni alikuwepo, mtu asiye na deni kwa Baba Mkubwa. Na aliyejua kusoma shina la mnazi naye alikuwepo, tena juu ya jukwaa lilelile. Mgeni peke yake ni Mohoro, na wenyeji peke yao ni mkungu. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Lakini mzee aliyesoma shina alikuwa anamjua Baba Mkubwa tangu jandoni, na mimi sijui kama kiganja chake kingepanda mti ule vilevile laiti mimi ningeendelea kusahau.

Mabaraza yenyewe yamepewa sheria. Kuna mabaraza ya kata tangu 1985, kuna baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba ambao watatu lazima wawe wanawake. Hilo la wanawake watatu ni ukarabati mkubwa kuliko bati jipya: limewatoa upande wa jikoni. Na huko mijini haki imepata magurudumu. Tangu 2019 kuna mahakama inayotembea, gari kubwa lenye chumba ndani, Dar es Salaam na Mwanza. Nimeliona. Nilichungulia mlangoni kuona mabenchi yameelekea wapi, askari akaniuliza natafuta nini, na sikuwa na jibu fupi.

Ila wale wanaotaka turudi kwenye mti tu, niwakumbushe miaka yetu mibaya. Mwaka 2016 na 2017, Kibiti na Rufiji, watu waliokuwa wakiuawa walikuwa wenyeviti na watendaji, watu wa barazani hasa, pamoja na askari, wanane kwa siku moja Aprili 2017. Wengine walitoweka, na jamaa zao bado wanauliza. Kipindi kile hakuna aliyetaka kukaa duara akaonwa na kila mtu. Watu walifunga milango Magharibi. Baraza la nje ni la watu wasioogopana. Siku wakianza kuogopana, kibao cha mawe kinabaki kibao cha mawe.

Baba Mkubwa hakunisemesha tena. Sisemi alinitukana, hapana. Nilikuwa namwambia shikamoo, anajibu marahaba kwa ukutani, na basi. Ada ya chuo alilipa mpaka mwisho, kupitia kwa shangazi. Alifariki 2011. Hukumu aliiheshimu kuliko watu wengi ninaowajua wenye digrii: kila msimu wa kuangua alihesabu nazi za minazi 40, akazifunga kwenye magunia tofauti, zikapelekwa kwa mama mdogo. Hakupeleka mwenyewe hata siku moja.

Na yeye mama mdogo hakuweza kukaa. Hakuna aliyemfukuza. Ni kwamba alikuwa akipita njiani watu wananyamaza kidogo, kisha wanaendelea. Mahakama ilikuwa na uwezo wa kumpa minazi, haikuwa na uwezo wa kumpa wa kuazima chumvi. Mwaka wa tatu akavuka kwenda Mafia kwa dada yake, na magunia yakawa yanamfuata kwa jahazi.

Nilikwenda kumwona mwaka jana, Kilindoni. Mzee sana sasa, macho yamekwisha kabisa, anasuka kwa vidole tu. Nikamweleza nadharia yangu yote ya mabenchi na mgongo, jinsi nilivyofikiria miaka yote hii kwamba ni chumba kilichosema kupitia kwangu. Alicheka mpaka akaacha kusuka.

"Yaani mwanangu umesoma kote huko ili ujue kwamba ulikuwa unamwogopa?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akauliza kama mkungu bado upo. Nikamwambia ulianguka, sasa wazee wanakaa kwenye viti vya plastiki, kwenye kibaraza cha ofisi. Akapapasa akapata ncha ya ukindu aliyoiachia, akaiingiza mahali pake.

"Wanavipangaje?" akauliza.

Nikamwambia sikuangalia.